Siku Ng'ombe Alipopanda Paa la Mama Mkwe

Mimi napenda mvua, na nitalisema hilo hata mbele ya watu waliomwona yule ng'ombe. Majirani zetu hapa kijijini Daudi wananijua. Wingu likianza kujikusanya juu ya kilima, wanawake wenzangu wanakimbilia kuanua nguo na maharage, mimi natafuta mahali pa kusimama. Wamenitania vya kutosha. Siku hizi natafuta mahali pa kusimama baada ya kumaliza kazi moja kwanza, na sababu yake ndiyo nataka kuieleza.

Nilizaliwa Gehandu, kule chini Hanang, katika familia ya wafugaji. Kwetu mvua ilikuwa mgeni wa kusubiriwa. Unaiona ikiwa mbali, inatembea uwandani, na unaweza kukaa saa nzima ukijiuliza kama itakufikia au itageukia kwa wengine. Mara nyingi iligeuka. Ilipofika kweli, baba alivua viatu, akalaza fimbo yake chini, akasimama katikati ya boma mpaka shuka ikamganda mwilini. Sisi watoto tulisimama naye na mama hakutuita ndani. Nilikua nikiamini kwamba mtu mwenye akili timamu, mvua ikija, anatoka nje.

Nikaolewa Daudi, juu huku kwa wakulima. Huku mvua haisubiriwi, inavumiliwa. Asubuhi ukungu, saa nne jua kali, saa sita manyunyu yasiyoisha, saa nane jua na mvua kwa pamoja, jioni baridi ya kuvaa sweta mbili. Mwaka wa kwanza nilidhani nimeletwa peponi. Kila siku kulikuwa na kitu cha kuangalia, na hakuna siku iliyofanana na jana yake. Mume wangu alicheka tu. Mama yake hakucheka.

Ni mama mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Tulizungumza Kiswahili, mimi na yeye, kwa sababu Kiiraqw changu wakati ule kilikuwa cha kusalimia na kuomba chumvi, na lugha ya kwetu yeye hakuijua kabisa. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, kila neno limebeba kazi. Nikimwamkia shikamoo mama, anaitikia marahaba, kisha anataja shamba lipi linangoja palizi.

Siku ya kwanza aliponikuta nimesimama kwenye mvua mikono mitupu, aliniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia sijapoteza kitu, naangalia mvua. Akageuka akaangalia upande niliokuwa naangalia mimi, akaangalia kwa muda, kama mtu anayetafuta mbuzi kwenye kichaka, halafu akaingia ndani. Baadaye nilisikia amewaambia wanawake wa jumuiya ya kanisani kwamba mkwe wake ni mzima, isipokuwa kwenye mvua. Niliudhika. Nilikaa siku tatu nikimjibu kwa maneno mafupi kama yake, na sidhani kama aliona tofauti.

Sasa nieleze nyumba, maana bila nyumba hutaelewa kilichotokea. Mimi na mume wangu tulijenga ya matofali na mabati. Mama mkwe alibaki kwenye tembe lake, hatua thelathini hivi kutoka kwetu, lile alilojengewa na marehemu baba mkwe. Tembe la namna hiyo huchimbwa kwenye mteremko, ukuta wa nyuma ni kilima chenyewe. Paa ni bapa: nguzo, boriti, fito, majani, halafu udongo mzito uliochanganywa na samadi. Ukisimama mbele unaona nyumba. Ukija kwa nyuma huoni nyumba, unaona ardhi inaendelea na moshi unatoka kwenye nyasi. Unaweza kutoka shambani ukajikuta umesimama juu ya kichwa cha mtu anayekunywa uji.

Na nyasi za paa ndizo zinazoota kwanza. Moto wa jikoni unapasha udongo kwa chini, samadi ipo tayari, mvua mbili za mwanzo zinatosha. Kilima chote kinakuwa bado cha kahawia, paa la mama mkwe ni kijani. Ng'ombe wanalijua jambo hilo kuliko sisi. Ndiyo maana mbele ya tembe kuna kigingi, na wingu likikaribia, kabla hujafanya lolote, unafunga ng'ombe. Paa kavu linaweza kumbeba. Paa lililolowa halimbebi. Watoto wadogo wa pale wanajua hivyo, na mimi niliambiwa mara tatu tangu nifike.

Zamani labda hata likilowa lingevumilia, maana ng'ombe walikuwa wadogo, wa kienyeji. Lakini mume wangu alimletea mama yake ng'ombe chotara wa maziwa, mweusi mwenye mabaka meupe na soksi nyeupe miguuni. Mwaka ule alikuwa amenona na ana mimba kubwa. Akipita karibu na ukuta unasikia hatua zake. Baba mkwe alipokuwa anapanga zile boriti hakuwa na ng'ombe wa aina hiyo kichwani.

Kitu cha mwisho ni mtoto. Binti yangu alikuwa na miezi mitano, na chini ya mabati mvua ikinyesha hakulala. Mabati yetu yana kelele, kuna wakati tunaongea kwa ishara. Mtoto alilia mpaka akabadilika rangi. Kwenye tembe mvua haisikiki. Inaweza kumwagika nje kwa nguvu zote, ndani unasikia moto tu na bibi akipukuchua mahindi. Kwa hiyo wingu likitokea, mtoto alipelekwa kwa bibi yake. Niliupenda utaratibu huo kwa sababu mbili. Mtoto alilala, na mimi nilibaki mikono mitupu.

Ilikuwa Aprili, siku ya Jumamosi, saa nane mchana. Mume wangu alikuwa Mbulu mjini kwenye kazi ya ujenzi. Mama mkwe alitoka nje, akanyoosha mkono akaupima upepo, akasema leo itakuja na mawe. Akanitua mtoto mgongoni, akamfunika, akaelekea mlangoni kwake. Kabla hajainama kuingia alisema, "Funga ng'ombe."

Nikasema ndiyo mama. Na nilikuwa na nia hiyo, naapa. Nilichukua kamba, nikaiweka begani, nikaanza kuteremka kumfuata ng'ombe aliyekuwa anakula pembeni mwa shamba la maharage. Halafu nikageuka nyuma mara moja.

Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye miti ya kilima. Chini lilikuwa jeusi, pembeni lina rangi ya manjano, na jua lilikuwa bado linawaka kwenye mashamba ya upande wa pili wa korongo kiasi kwamba ungeweza kuhesabu mistari ya mahindi. Mbali kabisa, upande wa kwetu, anga lilikuwa jeupe tupu. Nilijua kwamba ndani ya dakika chache mambo haya yote yatabadilika na hayatarudi yakiwa vile tena. Kilimani, nyuma ya tembe, kuna jiwe kubwa ninaloliita langu. Nikajiambia dakika mbili. Nikapanda kwenye jiwe, kamba ikiwa begani.

Mvua ilikuja kutoka kushoto. Niliiona ikifunika mti mmoja, kisha wa pili, kisha nyumba ya jirani yetu ng'ambo ya korongo, kisha ikanifika usoni. Ilikuwa ya baridi na nene. Nilifumba macho. Nilikuwa na furaha, sioni sababu ya kuificha leo. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Zile dakika mbili zilipita, na nyingine, na nyingine.

Nilipofumbua macho, ng'ombe alikuwa juu ya paa.

Nitasema ukweli wote. Jambo la kwanza nililowaza ni kwamba anapendeza. Mweusi, analowa, anakula nyasi za kijani, moshi mwembamba unapita karibu na pua yake. Niliwaza hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Halafu nikakumbuka anasimama juu ya nini, na nani wako chini yake.

Alikuwa amefika karibu na katikati. Kila alipoinua kwato, shimo lilibaki kwenye udongo na maji yalijaa humo. Kutoka kwenye jiwe mpaka ukingo wa paa ni hatua kama ishirini, na nilizishuka zote kwa kunyata, mdomo nimeuziba kwa kiganja. Nikipiga kelele, ng'ombe atashtuka ataruka. Nikipanda paa kumfuata, nitaongeza uzito. Nikiwaita walio ndani, hawatasikia, maana ule ukimya niliousifia kila siku unafanya kazi pande zote mbili. Simu ya mama mkwe ilikuwa imezimwa kwenye kopo lake, kama kawaida, ili chaji isiishe.

Nilisimama pale. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilisimama. Halafu kiburi cha kwetu kikaniingia. Mimi ni mtoto wa wafugaji, nikajiambia, ng'ombe mmoja atanishindaje? Nikampigia mluzi wa chini, ule baba aliotumia kugeuza kundi zima bila kuinua fimbo. Ng'ombe aliinua kichwa, akanitambua, akapiga hatua moja kunifuata. Paa likabonyea chini yake. Nililiona likishuka kama godoro na halikurudi juu. Nikanyamaza. Yeye naye akasimama, miguu ameitanua, akanitazama kana kwamba anasubiri maelekezo zaidi.

Ndipo mawe yakaanza. Mwanzoni madogo, yanaruka kwenye nyasi, kisha makubwa kama njugu. Ng'ombe akainamisha kichwa, akaanza kuzunguka palepale kutafuta upande wa kugeuzia mgongo. Nikamwacha. Njia ya kwenda mlangoni inazunguka pembeni ya nyumba, na ukiwa kwenye njia hiyo huoni paa. Nilikimbia nikiteleza, nikianguka, na kila nilipoinuka nilitega sikio kusikia kama limeshabomoka. Sikusikia chochote isipokuwa mawe.

Ndani kulikuwa na joto na kimya. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda karibu na moto, ungo wa mahindi mapajani. Mtoto alikuwa amelala kwenye kitanda cha ngozi upande wa ndani, mikono ameiinua juu ya kichwa. Udongo ulikuwa unachuruzika kutoka juu, kidogo kidogo, unaangukia kwenye blanketi lake. Bibi yake alikuwa amempa kisogo na hakuwa ameuona.

Nilimwambia, "Mama, ng'ombe yuko juu."

Aliniangalia usoni, akaangalia bega langu. Kamba ilikuwa bado ipo pale, imekunjwa vizuri, jinsi nilivyoichukua. Akaiangalia kamba kwa muda wa kutosha. Halafu akaangalia juu. Aliweka ungo chini, na kabla hajanyooka vizuri boriti ililia, fito zikakatika, na mguu wa ng'ombe ukaingia ndani ya nyumba.

Ulikuwa mguu wa mbele, wenye soksi nyeupe, umeingia mpaka juu ya goti. Ulining'inia juu ya kitanda, kiasi cha urefu wa mkono kutoka kwa mtoto, na ulikuwa unapiga. Kila ulipopiga, udongo na maji vilimwagika. Mama mkwe ndiye aliyefika kwanza, na hakumshika mtoto. Aliushika mguu. Aliukumbatia kwa ile mikono yake mikubwa, akaukandamiza kwenye kifua chake, na mimi nikadhani amechanganyikiwa.

"Chukua mtoto," alisema. "Mguu ninao mimi."

Nilimchukua. Alikuwa na udongo kwenye nywele na kwenye kope, amefumbua macho, anaangalia juu. Hakuwa analia. Nilimfunika kifuani, nikarudi nyuma mpaka mlangoni, kamba ikaniporomoka begani ikabaki sakafuni. Mama mkwe alikuwa ameanza kuongea na ng'ombe. Aliongea Kiiraqw, kwa sauti ile anayotumia wakati wa kukamua, polepole, kama anampa habari za siku. Nilielewa maneno machache tu. Mguu ulipiga mara moja zaidi, halafu ukatulia.

Nikamwambia atoke. Nikamwambia mama tafadhali, mtoto ninaye, toka. Alitikisa kichwa bila kugeuka.

"Nikiuachia atapiga," alisema. "Akipiga anashuka mzima. Nenda kaite watu."

Nilitoka na mtoto kwenye mawe, nikamfunika kwa mwili wangu mpaka kwenye nyumba yetu, nikamlaza kitandani, na pale chini ya mabati yanayopigwa akaanza kulia kilio cha kweli. Nilimwacha analia. Sijawahi kufanya jambo gumu kama hilo. Nilisimama ukingoni mwa korongo nikapiga yowe la kwetu, lile la kutangaza wezi wa mifugo, ambalo watu wa Daudi hawalijui lakini hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake. Jirani yetu wa ng'ambo, mzee mmoja fundi seremala, alitokea mlangoni kwake na gunia kichwani. Nilimwonyesha paa. Aliangalia mara moja tu, akaita wanawe wawili, wakateremka.

Muda waliotumia kuvuka korongo ulikuwa mrefu kuliko mimba yangu. Nilikuwa nakimbia kati ya nyumba mbili. Huku mtoto analia, yuko salama. Kule mama mkwe yuko chini ya ng'ombe, amenyamaza. Kila nilipochungulia mlangoni nilimkuta vilevile, kifua kwenye mguu, maji yanamtiririka kwenye mikono ya sweta. Tundu lilikuwa limeshapanuka kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe, mvua ilikuwa inasikika ndani yake.

Fundi alijua la kufanya. Hakupanda paa kwa miguu. Aliwaambia wanawe wang'oe mlango wa nyumba yetu na mlango wa stoo, wakailaza juu ya udongo, mmoja upande huu na mmoja upande ule, ndipo wakatambaa juu ya milango hiyo. Ng'ombe alikuwa ameanguka kifudifudi, amechoka, anapumua kwa nguvu. Mawe yalikuwa yamekwisha na, kama ilivyo kawaida ya Daudi, jua lilikuwa linatoka wakati mvua bado inanyesha. Kila kitu kilimetameta. Sikutaka kuona.

Wakahitaji kamba. Fundi aliuliza iko wapi, kisha akaniuliza, si kwa ubaya, kama anavyouliza mtu yeyote mwenye akili: huyu ng'ombe hakufungwa?

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, sauti ilitoka ardhini, kupitia kwenye lile tundu, kavu na wazi, na sote tuliisikia.

"Kigingi kimeng'oka," alisema mama mkwe.

Fundi akasema pole sana mama. Mimi niliingia ndani kuchukua kamba pale ilipoangukia, karibu na miguu yake. Hakuniangalia. Kwenye shavu alikuwa na mchubuko wa kwato. Niliipeleka kamba nje.

Walimzungushia kifuani, mmoja wa wale vijana akaushika mkia, wakavuta kwa nyuma, kuelekea kwenye ardhi ngumu, huku mama mkwe akiusukuma mguu kwa chini na kumwambia ng'ombe wakati wa kusaidia. Ulitoka taratibu. Ng'ombe aliburuzwa juu ya milango yetu mpaka kwenye kilima, akalala, akainuka, akajikung'uta, akaanza kula. Alichechemea wiki moja na baadaye alizaa salama ndama jike. Nikaenda ndani. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono ameilaza mapajani, viganja juu, anaangalia tundu. Mvua ilikuwa inashuka katikati ya nyumba yake, na jua pamoja nayo.

Kabla ya giza nilipita mbele ya tembe kumfunga ng'ombe. Kigingi kilikuwa palepale, kimesimama, kigumu, hakijaguswa. Nilimfunga kwa mafundo matatu. Asubuhi iliyofuata, mume wangu aliporudi kutoka mjini, kigingi kilikuwa kimelala chini na tundu lake liko wazi, na ng'ombe amefungwa kwenye mti. Mume wangu alikiokota, akakigeuza, akasema mbao za siku hizi. Mama yake alikubali kwamba mbao za siku hizi ni mbovu. Yule ni mwanamke ambaye jumuiya humkabidhi ufunguo wa kanisa.

Walitengeneza paa kwa siku mbili, boriti mpya, udongo mpya. Mume wangu alitaka kumwekea mabati na yeye akakataa, akasema kelele. Mimi niliacha kuangalia mvua. Si kwamba niliweka nadhiri, sikuweza tu. Likitokea wingu, nilifunga ng'ombe, nikamchukua mtoto, nikakaa naye chini ya mabati yetu nimemziba masikio kwa viganja. Sikumpeleka tena kwa bibi. Nilijiambia namlinda, lakini ukweli ni kwamba sikuweza kuingia kwenye nyumba ile na kukaa chini ya ile boriti mpya, mbele ya mtu anayejua.

Kila asubuhi nilimwamkia nikisubiri aseme. Shikamoo mama. Marahaba, maharage ya juu yanataka palizi. Mei ikapita, baridi ya Julai ikapita, tukavuna, tukapura, hakusema. Ningependa angenigombeza. Kwetu mtu akikosa anagombezwa, yanakwisha, watu wanakula. Ukimya wake nilidhani ni hukumu, na nilianza kumchukia kwa sababu hiyo, jambo ambalo halikuwa na haki hata kidogo.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja Novemba. Siku hiyo nilikuwa mlangoni kwangu na mtoto, ambaye sasa alikuwa anasimama kwa kushika ukuta. Wingu lilikuwa linashuka kwenye kilima, jeusi chini, na jua bado liko ng'ambo. Nikageuza uso. Mama mkwe alikuwa anakuja, amejifunga khanga kichwani, mkononi ana kamba.

Nikasema kabla ujasiri haujaniishia. Nilimwambia, "Mama, kigingi hakikung'oka."

"Najua," alisema. "Nilikitoa mimi. Kilikuwa kigumu."

Nikaanza kulia, na nililia vibaya, kwa sauti, mtoto akashangaa. Nilimwambia nilikuwa juu ya jiwe, nilikuwa nafurahi, kamba nilikuwa nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia si kitu, maana haikuwa si kitu, na mume wangu atayajua haya akiyasoma. Alinyoosha mkono, akanipa kamba, akamchukua mtoto akamweka mgongoni.

"Funga ng'ombe," alisema.

Nilimfunga. Alikuja nyuma yangu, akalivuta fundo kwa mkono wake mwenyewe, mara mbili, akatikisa na kigingi. Kisha, badala ya kuinama kuingia kwake, akaanza kupanda pembeni ya nyumba, polepole, mtoto mgongoni, mpaka kwenye jiwe langu. Nilimfuata. Tone la kwanza lilimpata mtoto kwenye paji la uso. Mama mkwe alisimama, akaangalia bonde lote, kushoto na kulia.

"Haya," alisema. "Huwa unaangalia wapi?"